Daftari la Waliokosa

Mwanzoni mwa Julai 2025, binti mmoja mfamasia alikwenda Mbagala kumsalimia shangazi yake, akiwa na kompyuta mpakato begani na kazi ya ofisini ambayo haikuwa imekwisha. Alikuwa anafunga ripoti ya robo mwaka ya dawa za kituo chake. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai na vitumbua, aliiweka kompyuta mezani akaendelea kujaza. Shangazi, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hii, alivaa miwani akasogea. Kwenye mstari wa amoksilini ya watoto, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, palionyesha kwamba Aprili hadi Juni vimetumika 380 na salio ni 0. Binti alikuwa anaandika oda mpya huku jicho lake liko kwenye ile 380.

"Viliisha lini?" shangazi aliuliza.

"Sijui, shangazi. Ninachojua havipo."

"Na hapa wanapouliza siku ambazo dawa haikuwepo, mbona umeweka 0?"

"Hapo huwa tunaweka 0 tu. Mahitaji si ndiyo hayo 380?"

Shangazi alivua miwani. Binti yule ana shahada, anajua jina na kazi ya kila kidonge kilichomo kwenye mwongozo wa Wizara, na ni mwenye huruma kwa wagonjwa wake. Ila hakuna aliyewahi kumwambia juu ya babu yake mzaa baba, wala juu ya daftari lenye jalada la bluu lililokaa miaka mingi kwenye dirisha la stoo, ng'ambo ya Rufiji.

Babu yule, baba yake mwandishi, alikuwa Mganga Msaidizi Vijijini. Kijijini walimwita daktari, na hakuwakatalia. Zahanati yake ilikuwa na vyumba vitatu vya bati, benchi moja barazani, na stoo ambayo upana wake mtu mzima angeweza kuupima kwa mikono miwili. Mwandishi alikulia mlangoni mwa stoo ile. Hata leo akipita karibu na famasi ya zamani hukumbuka harufu yake: boksi gumu lililopigwa na unyevu, spiriti, jivii iliyomwagika ikaacha doa la zambarau kwenye saruji, na mafuta ya taa ya jokofu la chanjo, ambalo utambi wake ulipaswa kuangaliwa asubuhi na jioni kama mtoto mchanga. Juu ya yote hayo kulikuwa na vumbi la klorokwini. Halikuwa na harufu hasa. Lilikuwa uchungu uliokaa nyuma ya koo, na mtoto aliyetumwa kuhesabu vidonge aliuonja hadi kwenye uji wa usiku.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuhesabu. Makopo ya plastiki yalikuja na vidonge 1,000 kila moja. Baba alimwaga kwenye sahani, akavuta vitano vitano kwa ncha ya rula, na watoto wakafunga kwenye karatasi za madaftari yaliyokwisha shuleni. Dozi ya klorokwini ya mtu mzima ilikuwa vidonge 10: vinne, vinne, viwili. Kopo moja, kwa hiyo, lilikuwa watu wazima 100. Watoto wa nyumba ile walijua hesabu hiyo kabla ya kulijua jedwali la saba.

Dawa zilikuja kwenye boksi. Baba alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba boksi la kwanza lilifika 1983. Mpango wa Dawa Muhimu, uliogharamiwa na Denmark kupitia DANIDA na kuendeshwa kwa msaada wa UNICEF, huhesabiwa kuanzia 1983/84. Kaka mkubwa naye anasema lilifika akiwa darasa la sita, jambo ambalo linasogeza mwaka mbele zaidi. Basi, na iwe mwaka wowote kati ya hiyo. Kilicho hakika ni kwamba kabla yake kulikuwa na miezi ambayo stoo ilibaki na pamba na jivii tu, na kwamba Land Rover ilipoonekana mara ya kwanza na masanduku yaliyofungwa kwa ukanda, wanawake walipiga vigelegele.

Boksi lilikuwa baraka kubwa, na baba hakuruhusu mtu alidharau. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na Tanzania ikaichukua kwa dhati: badala ya kununua majina mengi ya gharama, nchi ikachagua dawa chache zinazotibu maradhi mengi, zikafungwa pamoja, na kila zahanati ikapata fungu lake. Lilifunguliwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Asprini, klorokwini, penisilini ya sindano, dawa za minyoo, vidonge vya kuongeza damu, pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Siku ya kufungua, foleni ilianza kabla ya jua. Walikuja hata wasioumwa, kwa sababu kila mtu alijua dawa haitafika mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Boksi lilipangwa mbali, kwa wastani wa wagonjwa wa nchi nzima, na lilikuwa lile lile kwa zahanati ya mbugani na ya milimani, lile lile Septemba na lile lile Aprili. Bondeni kwao Rufiji, masika ikishakaza, klorokwini iliisha kabla ya siku ya 20. Wakati huo huo chupa za dawa ya upele zilirundikana ukutani hadi zikapitwa na muda, na baba akazichimbia shimo nyuma ya choo, akilaani kwa sauti ya chini.

Mtu aliyeyajua mahitaji ya kijiji kile hakuwa mtumishi wa Wizara. Alikuwa mwenye duka la dawa baridi ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe.

Anastahili kuelezwa kwa kituo. Mrefu, mkimya, kofia yake ya kiua haikutoka kichwani, na alikuwa na tabia ya kusikiliza mvua. Ikinyesha usiku wa kwanza wa masika, asubuhi alikuwa ameshachora mstari kwenye kalenda yake ya ukutani, akahesabu wiki sita mbele. Madimbwi, mbu, kisha homa. Aliyajua kwa mpangilio huo bila kusoma kitabu chochote. Alijua vilevile kwamba korosho zikishauzwa watu hununua dozi nzima, na kwamba kabla ya korosho hununua vidonge viwili vya kupunguza joto la usiku huo. Alijua siku ambayo boksi la zahanati litaisha, kwa sababu siku hiyo watu walikuwa wakitoka dirishani kwa baba, wanasimama barabarani kidogo, kisha wanavuka kuja kwake.

Na alijua barabara. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla yake, aliyetaka kwenda au kurudi Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mvua zikizidi, kivuko na tope viliamua nani apite. Kwa hiyo mzigo wa Aprili aliununua Januari. Siku hizi kuna jina la kitaalamu la jambo hilo, muda kati ya kuagiza na kupokea, na huingizwa kwenye hesabu ya maoteo ya dawa nchi nzima. Yeye aliuita "tope."

Lakini kitu chake cha thamani kuliko vyote kilikuwa daftari. Kurasa za mbele ziliandikwa mauzo na madeni. Kurasa za nyuma, ukilipindua daftari, ziliandikwa kwa kalamu nyekundu neno moja juu: Waliokosa. Kila aliyekuja akaulizia kitu ambacho hakikuwepo aliandikwa kwa alama ya mstari. Hakuandika jina, aliandika kitu na tarehe. Mwisho wa mwezi alijumlisha mauzo na mistari myekundu, na jumla hiyo ndiyo aliyokwenda nayo mjini. Mtoto wa zahanati alimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua kuandika ambacho hakuuza. Alimtazama kwa muda, akamwambia kwamba mteja aliyeondoka mikono mitupu naye ni mteja, na asipomwandika atamsahau.

Baba alilichukua jambo hilo. Alinunua daftari la jalada la bluu, akalitundika kwa uzi kwenye dirisha la stoo. Leja ya serikali iliendelea kujazwa kama ilivyotakiwa: kilichopokelewa, kilichotolewa, salio. Daftari la bluu lilijazwa pale leja iliposema 0.

Mwezi mmoja wa mvua, mwandishi anakumbuka vizuri kwa sababu alisaidia hesabu, leja ilionyesha klorokwini iliyotumika ni vidonge 2,000. Mtu akiisoma leja peke yake angesema mahitaji ya zahanati ni 2,000. Lakini viliisha siku ya 20. Vidonge 2,000 kwa siku 20 ni 100 kwa siku. Kwa siku 30 ni 3,000. Pengo ni 1,000, kopo moja, dozi 100 za watu wazima kwa hesabu ya vinne-vinne-viwili. Waliokosa walikuwemo kwenye daftari la bluu, mstari kwa mstari, wengi wao watoto waliobebwa mgongoni. Mmoja mama yake alitembea kutoka kitongoji cha mbali, akafika saa sita mchana, akaambiwa hakuna, akakaa kwenye benchi bila kusema neno hadi jua lilipopungua. Baba aliuweka mstari wake akiwa amegeukia ukutani.

Aliandika barua ofisi ya juu yake, akaambatisha hesabu ya miezi mitatu. Jibu lilirudi kwa mkono, mistari miwili: afuate mgao uliopo. Hakuandika tena barua, ila daftari hakuliacha. Alilijaza hadi alipostaafu.

Miaka ya tisini mambo yalianza kubadilika, na yalibadilika kwa heshima. Sheria namba 13 ya 1993 ikaunda Bohari ya Dawa, ikaanza kazi 1994 pale Keko na kufungua maghala ya kanda, Mtwara ikiwemo. Kidogo kidogo wazo la kusukuma mzigo sawa kwa wote likaanza kutoa nafasi kwa wazo la zahanati kuagiza inachohitaji. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya boksi anaelewa ukubwa wa mageuzi hayo. Kwa mara ya kwanza mtu wa dirishani aliulizwa.

Lakini kuulizwa kunadai uwe na jibu, na ndani ya miaka michache majibu ya zamani yote yakafutika. Agosti 2001 klorokwini iliondolewa kama tiba ya kwanza ya malaria Tanzania Bara, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, vidonge vitatu kwa mara moja. Fikiria mtu wa maoteo siku ile: miaka yote ya leja za klorokwini haikumwambia chochote juu ya kidonge kipya. Ilimbidi aache njia ya matumizi yaliyopita, ahesabu wagonjwa wa homa, azidishe kwa dozi. Hajatulia vizuri, mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, ALu, ya pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Hizo ni oda nne za dawa moja. Na ilidumu miaka miwili tu tangu kutengenezwa, kwa hiyo aliyekosea kwa kuagiza chache aliwanyima watu, na aliyekosea kwa kuagiza nyingi aliziona zikiharibika ghalani. Pakiti za watoto zilipokwisha, wauguzi walikata za watu wazima kwa mkasi, mtoto akapata dozi yake, na hesabu ya pakiti zote mbili ikavurugika.

Wengi hawajui kwamba makosa ya maoteo ya dawa hii yalifika hadi shambani. Artemisinini, malighafi ya dawa hiyo, hutoka kwenye mmea wa artemisia, ambao wengine huuita pakanga, uliochunguzwa na Tu Youyou na wenzake nchini China, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kutoka mbegu kuwekwa ardhini hadi kidonge kufika zahanati hupita zaidi ya mwaka. Nchi nyingi zilipohamia dawa mseto karibu kwa wakati mmoja, mwaka 2004 na 2005, mmea haukutosha, na bei ya kilo moja ya artemisinini ikapanda kupita dola 1,000. Wakulima wakaitikia, wa Afrika Mashariki wakiwemo: walipanda huku Tanzania, Kenya na Uganda, na majani yakapelekwa kiwandani Athi River. Oda zilizotarajiwa hazikuja kwa kiasi kile. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka, na wengi waling'oa mimea yao wakarudi kwenye mahindi. Mkulima aliyepanda robo eka kwa kuamini takwimu ya mtu asiyemjua alilipia kosa la hesabu iliyofanywa mbali sana naye.

Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kuanzia mwaka 2009 hivi. Kabla yake kila homa ilikuwa malaria; baba mwenyewe alitibu hivyo, hakuwa na njia nyingine. Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam, vituo vilivyoanza kutumia kipimo viliandika dawa za malaria pungufu kwa robo tatu. Antibayotiki nazo zikaandikwa zaidi, maana mgonjwa wa homa asiye na malaria bado amekaa mbele yako anasubiri. Mwenye maoteo aliyepunguza ALu bila kuongeza amoksilini alikuwa amesoma nusu ya habari.

Mwaka huo huo wa 2009 simu ya mkononi iliingia kazini. Jaribio la ujumbe mfupi lilifanyika Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129: kila wiki mhudumu alipata ujumbe, akahesabu dawa za malaria zilizopo, akajibu, akapewa salio la kupiga simu. Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa walau aina moja. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Lindi Vijijini haiko mbali na kwao mwandishi. Baba alisimuliwa akiwa mzee tayari, macho yamefifia, akauliza jambo moja tu: kama wanahesabu pia watu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Fomu za ripoti na maombi zikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Bajeti ya dawa ya serikali ikaruka kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi zaidi ya bilioni 250 mwaka uliofuata. Duka la chini ya mwembe likawa duka la dawa muhimu, lina leseni ukutani na muuzaji aliyesomea. Stoo ya zahanati ikabomolewa, ikajengwa nyingine yenye rafu za chuma na feni. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wa maoteo kote barani walilazimika kupanga upya dawa za UKIMWI ambazo kwa miaka zilikuwa na mlipaji anayejulikana.

Mwandishi anakiri kwamba vifaa vya leo ni bora kuliko rula na sahani. Kinachomkera ni kuona vikilishwa uvivu. Kuna warsha za maoteo zinazofanyika siku tano hotelini, watu wakibishana juu ya asilimia ya ukuaji wa idadi ya watu, wakati namba zilizo chini ya hesabu yote zimejazwa na mtu mmoja aliyechoka, saa kumi na moja jioni, kwa kunakili za robo iliyopita. Ile safu ya siku zisizo na dawa ndiyo daftari la bluu la siku hizi. Waliotengeneza mfumo waliiweka kwa akili njema. Ukiandika 0 pale ambapo dawa haikuwepo, umemwambia mnunuzi kwamba watoto wa Mei hawakuumwa. Naye atanunua kwa kukuamini, robo ijayo zitaisha mapema zaidi, na 0 nyingine itaandikwa juu ya ile ya kwanza.

Hayo yote shangazi aliyasema siku ile mezani Mbagala, huenda kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Binti alikaa kimya. Kisha akachukua simu akampigia muuguzi wa dirisha la dawa.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Ile amoksilini ya watoto iliisha tarehe ngapi?"

Muuguzi hakuwa na tarehe. Alikumbuka tu kwamba viliisha Jumamosi ya kabla ya Pasaka, kwa sababu mama mmoja alimwambia sasa nitaadhimisha vipi sikukuu na mtoto anapumua hivi.

Pasaka ilikuwa Aprili 20. Jumamosi ilikuwa tarehe 19. Binti akavuta karatasi: vidonge 380 kwa siku 19 ni 20 kwa siku. Robo nzima ina siku 91. Akazidisha, akapata 1,820, akaangalia ile 380 kwenye kioo, akazidisha tena.

"Siku 72, shangazi," alisema.

Akaifuta ile 0, akaandika 72. Halafu akapandisha ukurasa hadi mstari wa kwanza wa ripoti, akampigia tena muuguzi, akaanza kuuliza dawa moja moja. Walimaliza baada ya magharibi, na chai ilibidi ichemshwe upya.